Vyuma vya Ulaya Kutoka Kisongo

Jamaldini alikuwa na pua ya kunusa malalamiko. Asubuhi hiyo, katika soko la Arusha, aliyelalamika ni Solomoni, fundi wa magari ya maksai, na Jamaldini akasogea, amevaa kanzu nyeupe kuliko dhamiri yake.

"Mhunzi wangu ananimaliza," Solomoni alikuwa akiwaambia watu. "Mkaa wangu, uji wangu, na mkewe kila siku ana dai jipya."

"Shikamoo, mzee," Jamaldini alisema. "Kwani lazima ufue chuma nyumbani? Wewe ni mtu wa mbao. Vyuma agiza Ulaya. Vinakuja kwa meli mpaka Tanga, kwa reli mpaka Moshi, na kwa mkono wangu mpaka hapa."

"Vikichelewa je? Kaburu wa Oldonyo Sambu anataka magari yake kabla ya masika."

"Mdachi hachelewi, mzee. Kwao hata mvua hunyesha kwa saa."

Solomoni akaupigia hesabu ule uji. Jioni mhunzi Lekishon alikuwa ameshafukuzwa, na Jamaldini alikuwa akiswaga mitamba watatu wa malipo, pamoja na kamba yenye vipimo vya magurudumu.

Hakwenda Tanga. Alikwenda Kisongo, alikohamia Lekishon, kwa maana mhunzi aliyefukuzwa hana ubavu wa kupandisha bei. Mtamba mmoja angemtosha Lekishon. Wawili wangebaki kwa Jamaldini, jasho la ulimi wake.

Lekishon aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye nyundo. Aliyezungumza ni mkewe, Naeku.

"Vyuma hivi ni vya nani?"

"Mteja wa mbali, mama."

Naeku aliitazama kamba, akaona mafundo aliyozoea kuyafunga Solomoni. "Wa mbali sana," alikubali. "Na hao mitamba wawili waache hapa wachungwe. Mjini watakula nini?"

Jamaldini akashukuru. Akaomba kila kipande kigongwe alama ya tai, kama ya Wadachi.

Shehena ya kwanza, pini za kuzuia magurudumu, iliingia mjini ndani ya sanduku lenye majani makavu. Solomoni alizipapasa kama mtu anayebariki.

"Ulaya ni Ulaya," alisema. "Ila huyu tai mbona kama kuku?"

"Kule wananona, mzee."

Sasa zilitakiwa pete za chuma za kuvisha magurudumu. Naeku alisema bei ni mitamba wote wawili waliobaki.

"Mama, mara ya kwanza alikuwa mmoja!"

"Mara ya kwanza hukuwa na haraka."

Jamaldini alijaribu kucheka, hakuna aliyemsaidia. Mhunzi mwingine hakumjua, na mitamba walikuwa tayari zizini kwa Naeku. Akakubali. Nusu ya pete zikatoka, kisha nyundo ikanyamaza.

"Lekishon amechoka kuvukuta moto na kufua peke yake," Naeku alieleza. "Nitafutie mtu wa mivukuto."

"Nimlipe nini? Sina kitu tena."

"Una mikono."

Jamaldini aliifikiria njia ya kutorokea Moshi. Ilipita mbele ya boma la Wadachi, na boma lilikuwa na kiboko kwa mtu anayechezea tai wa Kaisari, hata akiwa amenona. Akavua kanzu, akakaa chini, akaanza kuvukuta. Viganja vilitoka malengelenge kabla jua halijafika utosini. Alikuwa hajawahi kufanya kazi maishani mwake, na aliiona kazi kuwa ni dhuluma tupu.

Siku ya tatu Solomoni alitokea. Kaburu alikuwa amemjia juu kwa magari kuchelewa, naye alikuwa amekuja kumbembeleza Lekishon arudi. Alisimama mbele ya tanuri, akaziona pete, akawaona kuku waliogongwa juu yake, kisha akamwona wakala wake, mweusi kwa masizi mpaka kwenye kope.

"Kumbe Ulaya ni hapa," alisema.

"Hili ni tawi lake, mzee."

Solomoni alimgeukia Lekishon. "Rudi nyumbani. Uji utakuwa na maziwa."

"Harudi," alisema Naeku. "Ukitaka pete, utazinunua hapa. Bei ya zilizobaki ni mtamba mmoja na dume la mbuzi."

Solomoni akamkumbuka Kaburu, akakubali. "Huyu naye?" aliuliza, akimwonyesha Jamaldini kwa fimbo. "Nimpeleke bomani?"

Naeku alimpima Jamaldini mabega, taratibu, kama ng'ombe wa mnadani.

"Niachie," alisema. "Wewe Mswahili, vukuta. Moto unazimika."