Sekela Alivyopunguzwa Miaka Minne

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimegundua kipaji. Naandika na saa kabisa ili baadaye pasiwe na ubishi: saa nne na robo asubuhi, mbele ya stesheneri yangu, Tegeta. Upepo ulipita ukabeba ripoti ya mwanachuo mmoja, kurasa arobaini, ukazipeleka mtaroni. Mie nilipiga kelele. Huo ndio ulikuwa mchango wangu. Sekela, binti wa jirani, yuko kidato cha sita, alikuwa anakwenda sokoni. Katupa kikapu, kakimbia, kadaka kurasa thelathini na tisa hewani. Ya arobaini kaikanyaga isiende. Kanikabidhi, kaniambia shikamoo anko, kaokota kikapu chake kaondoka.

Sijawahi kuona mikono kama ile. Mwanachuo hakushukuru hata kidogo.

Jumatatu, 19 Januari

Mungu huyu! Mwalimu Mbwana kaja dukani. Huyu ni mwalimu wa michezo shuleni kwa kina Sekela, anavaaga filimbi shingoni hata akienda kununua vitunguu. Kaleta fomu ya kuchapwa. Kumbe kuna kocha wa kike kutoka Marekani, Kocha Linzi, anakuja shuleni tarehe 31. Anatafuta wasichana wa mpira wa Kimarekani, ule wa wanawake wa kuchomoana vitambaa kiunoni. Anataka mtu wa pembeni: anakimbia, anageuka, anadaka. Akimpenda, anampeleka chuo kikuu, anasoma bure miaka minne.

Fomu ni ya Sekela. Mwalimu kasema amemfundisha netiboli miaka sita na sasa ndiyo nafasi yake. Nikamwambia huyo binti nimemgundua mie, Jumamosi, saa nne na robo. Kacheka. Nimemwandika kwenye orodha ya maadui, namba tatu.

Mama Sekela ni mjane, anauza vitenge, hana uwezo wa kumlipia chuo. Ikikosekana hii, binti anabaki kukunja vitenge. Kwa hiyo jambo hili si la kuachiwa mtu wa filimbi.

Jumatano, 21 Januari

Fomu inauliza mchezaji anakimbia yadi arobaini kwa sekunde ngapi. Yadi! Hapa Tegeta nani anaijua yadi? Nikamfuata Zubeda, fundi cherehani wa mlango wa pili. Kanielewesha kwamba tepu yake ni inchi sitini, kwa hiyo yadi arobaini ni tepu ishirini na nne. Kaniazima kwa masharti, kama mtu anayeazima jino.

Nikapima uwanjani. Tepu ya kumi na mbili, mteja kanipigia simu anataka kopi za kitambulisho. Tumebishana kidogo. Nikarudi, nikaendelea na kumi na nane.

Jioni Sekela kakimbia. Sekunde nne na nukta moja! Nimetafuta mtandaoni, sijaona hata mwanaume wa kule mwenye muda huo. Sekela kasema anko, mbona pamekuwa pafupi. Unyenyekevu wa Kinyakyusa huo. Nimejaza 4.1 kwa herufi nene.

Ijumaa, 23 Januari

Mazoezi ya kudaka. Mpira wao una umbo la ajabu, umechongoka huku na huku, hapa haupatikani. Nikatumia papai bichi, umbo ni lilelile. Nimerusha kumi na mawili. Sekela kadaka kumi na moja, mengine kwa mkono mmoja, anakimbia na sketi ya shule. La kumi na mbili lilitua kwenye cherehani ya Zubeda. Kosa la upepo. Zubeda kachukua tepu yake.

Jumapili, 25 Januari

Leo nimewaza sana. Misa sikuisikia.

Sekela ana miaka kumi na minane. Nimemuuliza mwenyewe kajibu bila aibu. Kumi na minane! Katika mpira wetu nani anakwenda kwenye majaribio na umri wake wa kuzaliwa? Nimewaona vijana wa chini ya kumi na saba wana watoto wanaosoma. Hakuna anayeshangaa. Umri lazima ukatwe, hata wenye timu wanategemea ukatwe, usipokata wanakuongezea wao kichwani.

Halafu likaja wazo la pili, zuri kuliko la kwanza. Mtoto mdogo hasafiri peke yake. Anahitaji mlezi. Mlezi anahitaji tiketi ya ndege.

Nimeamua: kumi na minne.

Jumanne, 27 Januari

Nimekwenda Mwananyamala kwa Wakili Edgar, ofisi ya juu ya duka la magodoro. Anaandaa viapo vya kuzaliwa. Kauliza naapa kama nani. Nikasema mjomba wa mtoto, upande wa mama. Si uongo. Sekela ananiitaga anko tangu nilipohamia Tegeta mwaka juzi. Wakili kaniangalia, kasoma jina langu la Kihaya, kasoma jina la mtoto la Kinyakyusa, kagonga muhuri.

Kwa hiyo Sekela kazaliwa Agosti 2011. Nikaongeza maelezo kwamba yuko kidato cha sita kwa sababu ni jiniasi, alirukishwa madarasa.

Kwenye fomu, sehemu ya mlezi, Mwalimu Mbwana alikuwa ameandika jina la Mama Sekela kwa penseli. Penseli inafutika.

Alhamisi, 29 Januari

Mwalimu kaja kuchukua fomu. Nimempa ndani ya bahasha, nimeifunga kwa gundi na selotepu, nikamwambia wageni hawapendi bahasha iliyofunguliwa. Kasema haya. Kaniuliza kwa nini nimevaa koti la manyoya na jua hili. Nikamwambia najizoesha. Nimelitoa mtumbani, lina mfuko wa siri. Joto lake si la kawaida.

Sekela hajui habari ya kiapo. Nitamwambia tukiwa angani.

Jumamosi, 31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Wazazi walijaa. Mama Sekela kaja na nusu ya kwaya ya kanisani kwao, wamevaa sare, na mchungaji wao mbele. Kocha Linzi ni mama mrefu, mpole, ana kofia. Kapima yadi arobaini kwa kifaa chake. Ilikuwa ndefu mno! Nikapinga, hakuna aliyenisikiliza. Sekela kakimbia sekunde tano kamili. Nikafunika uso kwa koti. Lakini kocha karuka juu, kampiga Mwalimu Mbwana begani. Kumbe tano kwao ni habari kubwa.

Halafu kudaka. Kocha anarusha mbali, anarusha juu, anarusha pembeni, Sekela anafika kabla ya mpira. Mara ya mwisho alijirusha, kaangukia kifua, kainuka na vumbi na mpira. Kwaya ikapiga vigelegele. Mie nililia, nakiri.

Ndipo kocha kafungua bahasha. Anasoma Kiingereza, Mwalimu Mbwana anatafsiri kwa kipaza sauti ili wazazi wasikie. Jina, Sekela. Makofi. Yadi arobaini, nne na nukta moja. Kocha kakunja uso, kageuza ukurasa. Kuzaliwa, Agosti 2011, kwa kiapo cha mjomba wake wa damu, upande wa mama. Mwalimu alishatamka yote kabla hajajisikia.

Kwaya nzima ikageukiana.

Kumbe Baba Sekela alifariki Machi 2010. Mie ningejuaje? Nilikuwa sijahamia! Lakini kwaya ile ndiyo iliyoimba msibani, na baada ya miaka karibu kumi na sita nani anakumbuka kama mtoto alikuwa ameshazaliwa? Mama Adelina, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Alifika mwisho wa vidole, akaanza upya. Mchungaji kaangalia chini. Mama Sekela kasimama kauliza kwa sauti ndogo sana ni kaka yake yupi huyo, maana yeye ana kaka mmoja na yuko Tukuyu.

Nikasimama na koti langu.

Kocha akafunga faili. Kasema chuo hakichukui mtoto wa miaka kumi na minne, awe na kasi ya namna gani. Arudi baada ya miaka minne. Miaka ileile niliyoikata! Nilipomweleza kwamba anaweza kuirudisha tu, kauliza kwa hiyo karatasi ni ya uongo. Nikafunga vifungo vya koti.

Nimemkuta Sekela nyuma ya goli, analia na vumbi lake usoni. Hakunitukana. Kaniuliza tu, anko, kumi na minane ilikuwa na ubaya gani. Roho iliniuma. Nasema kweli, iliniuma.

Jumapili, 1 Februari

Mama Sekela kaja alfajiri na mchungaji. Sharti lilikuwa moja: nisimame ibadani mbele ya watu niseme ukweli, maana jina lake limekwisha. Anaishi kwa jina hilo, hata vitenge watu wananunua kwa jina hilo. Nikakubali.

Nikasimama baada ya matangazo. Nikasema mie si kaka wa mama huyu, wala sina undugu naye hata wa mbali. Vizuri. Ningekaa. Lakini nikaona nyuso bado zina mashaka, nikaongeza kwamba nilichofanya nilikifanya kwa mapenzi tu, na kwamba mtoto yule namwona kama wangu wa kumzaa.

Mama Adelina akarudi kwenye vidole.

Mama Sekela kashika kichwa kwa mikono miwili. Mchungaji ndiye aliyeokoa, kasoma cheti cha ubatizo cha Sekela mbele ya kanisa zima: Septemba 2007, baba alikuwepo, kamshika mtoto mwenyewe. Watu wakapumua. Mama Adelina kamkumbatia Mama Sekela, wakalia wote. Mie sikukumbatiwa.

Jumanne, 3 Februari

Habari nimezipata kwa Zubeda, maana Mwalimu Mbwana haniongeleshi. Mama Sekela jana alimfuata kocha hotelini na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na barua ya mkuu wa shule. Kocha kasoma moja moja. Kamchukua! Sekela akifaulu mtihani wa Mei, anakwenda. Anasoma bure miaka minne.

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Kisha Zubeda kamalizia kwamba kuna sharti moja limeandikwa: yule bwana wa koti asiguse karatasi yoyote ya mtoto huyu. Hata kumtolea kopi. Leo Sekela kapita mbele ya duka langu na bahasha, anakwenda kutoa kopi Bunju. Bunju! Kaniambia shikamoo, nikaitikia. Neno anko hakulitaja.

Nimekaa nikajitafakari kwa makini, peke yangu, mlango nimefunga. Nimeliona kosa langu. Nitalikumbuka mpaka nazikwa.

Ijumaa, 6 Februari

Kuna bonanza la mpira la maveterani kabla ya mfungo, zawadi ni ng'ombe mzima. Sharti: kila mchezaji awe ametimiza miaka arobaini. Mpwa wa Zubeda, Shomari, ana miaka kumi na tisa na mbio za kutisha. Nimemtazama vizuri. Ana ndevu tatu na sauti nzito.

Kosa langu kwa Sekela lilikuwa kupunguza. Watu wakubwa hawapendi kupunguziwa. Dawa ni kuongeza.

Saa tano nilikuwa Mwananyamala. Wakili Edgar kachukua kalamu, kauliza safari hii naapa kama nani wa huyu mzee Shomari.

Nikamwambia mtoto wake wa kwanza.