Shaba Iliyohamia kwenye Siki

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wangu, mwenzangu uliyetangulia,

Dada yako kaja kupima mapazia. Kaliona birika lako la shaba, limeota kutu ya kijani. Kasema nimeliua. Likiwa hivi hadi Jumamosi, analibeba! Moyo ulinilipuka paa! Birika ulilonichemshia chai huku ukinifundisha kemia kwa nguvu. Alibebe? Thubutu!

Nimekumbuka somo. Shaba tupu ni sifuri. Ya kijani ni chanya mbili, imepoteza elektroni. Namba ya oksidisheni ikibadilika, hiyo ni redoksi. Basi nitairudisha sifuri.

Jumatano, 6 Machi

Nimelilaza birika kwenye ndoo ya siki. Povu! Kijani chote kimetoka. Linang'aa mpaka naona pua yangu. Nikacheza peke yangu sebuleni.

Kisha nikapiga hesabu, maana ungeniuliza. Shaba kabla, chanya mbili. Shaba ndani ya siki, chanya mbili! Kaboni ya ile kutu, chanya nne, na ndani ya povu, chanya nne. Oksijeni, hasi mbili kote. Hakuna kilichobadilika. Si redoksi! Nimekaa chini. Shaba yako haikurudi, imehama tu. Siki imekuwa ya buluu. Jirani kasema niimwage chooni. Mwanamume yule hana haya.

Alhamisi, 7 Machi

Atafutwe wa kutoa elektroni. Chuma hutoa. Misumari yangu yote ina kutu. Ilishatoa zake zamani. Dada yako, fundi cherehani mzima, kasahau mkasi wake hapa. Chuma safi, sifuri kabisa! Nimeuazima bila kumsumbua, nikauzamisha kwenye siki ya buluu.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu wangu! Mkasi umekuwa mwekundu! Shaba, kutoka chanya mbili hadi sifuri. Chuma, kutoka sifuri hadi chanya mbili. Redoksi! Nikalia, nikacheka. Shaba yako imerudi. Ila imerudi kwenye mkasi.

Jumamosi, 9 Machi

Dada yako kalisifu birika. Nikapumua. Kaulizia mkasi wake. Nikampa, nikamweleza namba zote kwa upole. Kajaribu kukata kitambaa, mkasi ukakitafuna. "Shemeji! Huu wa magauni ya maharusi!" Kaniachia mkasi, kalibeba birika mpaka mkasi ukate tena.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya bila birika. Mkasi siwezi kuuparua, una shaba yako.

Lakini ndoo bado ina buluu kidogo. Nimemwomba dada yako aje kesho tuyamalize, na aje na cherehani anipunguzie suruali. Cherehani nzima ni chuma!

Unikumbuke huko uliko.