Fabien ni Modere, Nimekwisha Sema

Jumanne, 1 Desemba 1959. Fizi.
Bwana Mkubwa wa teritwari, Mbelgiji anayetawala wilaya yetu, ameniuliza mimi, Eugène, karani wake wa pili: huyu Fabien wa Baraka anayegombea baraza, ni modere? Yaani mtu wa kadiri, anayebisha hodi kabla ya kuvunja mlango. Akiwa modere, atapewa ruhusa ya kuhutubia sokoni kabla ya kura. Asipokuwa, afunge mdomo. Alphonse, karani wa kwanza, alikwisha sema ni mkali. Basi nikajibu ni modere. Sijawahi kumsikia.

Jumatano, 2 Desemba. Baraka.
Nimemsikia. Ole wangu!
Hapandi jukwaani. Anashona nyavu bure. Ukitaka siasa, unaleta wavu uliotoboka, unaketi. Kushoto kwake wavuvi. Kulia Semutobo, mfuga ng'ombe kutoka Minembwe, ameshika wavu kichwa chini na hakuna anayemcheka. Nikamuuliza Fabien, uhuru anautaka lini? Mwezi ujao, asubuhi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nikajikuta nami nimeshika wavu. Nampenda mtu huyu. Lakini modere?
Nimepata shauri. Jumamosi Bwana Mkubwa atakula kwa Fabien. Nimemwomba Fabien amnawishe mgeni kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Wakubwa hupenda kunyenyekewa. Amekubali upesi mno.

Jumamosi, 5 Desemba. Baraka.
Maji ya kabla ya chakula yaliletwa na mkewe, Constance. Fabien hata hakuinuka. Bwana Mkubwa alipokuwa kwenye samaki wa pili, ugali bado mlima, ndipo akaja: beseni, birika, taulo begani. Akapiga goti.
Kwetu hata mtoto anajua. Ukiletewa maji ya kunawa na sahani bado imejaa, umeambiwa karamu imekwisha, rudi kwenu. Bamama wakajifunika midomo kwa vitenge.
Mgeni akanawa. Akashukuru! Akaniambia hajapata kuona adabu ya namna hii. Nikasema ndiyo adabu yetu. Ruhusa atasaini Jumatatu.
Mke wangu Adolphine anasema nitafukuzwa. Hajui siasa.

Jumatatu, 7 Desemba. Fizi.
Alphonse amesema yote. Mfitini yule.
Fabien akaitwa. Ruhusa iko mezani, Bwana Mkubwa mwekundu, anauliza kama ni kweli alifukuzwa na beseni. Nikamkonyeza Fabien akane. Hakukana. Akasema polepole: "Ni kweli, Bwana, nilikuambia uende. Lakini maji ilikuwa ya moto kidogo, na sabuni ilikuwa mupya. Beko bengine benye batakuambia bila maji." Yaani wako wengine watakaomwambia aende bila hata kumnawisha.
Bwana Mkubwa akaitazama mikono yake. Akasaini.
Sijaona mwanamume kama yule. Nilitaka kupiga makofi, nikakohoa. Mwaka mzima nimejifunza kusema uongo vizuri, naye kapita mlango uleule kwa kusema kweli.
Mimi nimehamishiwa Kazimia, kwa kudanganya ofisi.

Alhamisi, 10 Desemba. Kazimia.
Mkuu wa kituo ameniuliza habari za mgombea wa hapa, anayehutubia akiwa amesimama ziwani, maji kiunoni. Je, ni modere? Karani wa kwanza wa huku anasema hapana. Nimejibu ni modere kabisa, nimekua naye.
Kesho asubuhi nitaulizia jina lake.