Uzio wa Jumba Langu la Virginia

Jumatatu, 4 Aprili 1586. Kisiwani, Virginia.

Habari njema! Baada ya sala Kapteni katangaza: atakayezungushia uzio kipande cha ardhi kabla meli haijarudi kutoka Uingereza, kipande hicho ni chake. Mimi, Jasper Wolcombe, mtoto wa tatu! Kaka yangu mkubwa alirithi nyumba, bustani na hata mbwa, mimi nikaambulia chumba juu ya zizi la farasi. Sasa nitakuwa na kwangu. Nimeshachagua kilima chenye misonobari, kinachotazama maji. Nilikaa pale mchana kutwa nikiliona jumba langu: madirisha ya vioo, bata maji bwawani, mawingu yakipita taratibu juu ya dohani. Kengele ya chakula sikuisikia. Nimekosa supu ya samaki.

Jumanne, 5 Aprili.

Balaa! Humphrey Bagnall naye anakitaka kilima. Mwungwana kama mimi, kwa madai yake mwenyewe. Kaamka mapema kafunga kamba kwenye misonobari miwili. Nikamwambia kamba si uzio. Akanijibu eti ndoto nazo si uzio, afadhali kamba. Watu wakaangua kicheko.

Shida yangu ni nguzo. Mwungwana hashiki shoka, hilo linajulikana. Na vibarua wamekataa katakata. Wanasema njaa imewabana, ghala limebaki vumbi, tunaishi kwa samaki tu. Hodari wa kulalamika, hawa.

Jumatano, 6 Aprili.

Nimepata! Asubuhi nilitembea ufukweni. Ukungu kila mahali, mbingu na maji havitofautiani, nikahisi naelea. Mara nikaziona. Nguzo! Safu kwa safu, zimesimama majini, nyembamba, zimenyooka, zimefungwa kwa matete. Hapana mlinzi, hapana alama. Nani kazitupa humu?

Kung'oa si kukata. Nikavua soksi nikaingia. Samaki wengi walinipita miguuni wakielekea bahari kuu, wana haraka na furaha. Nikawapungia mkono. Hadi jioni nguzo zote zilikuwa kilimani. Bagnall alipita, akatazama, akaanza kukunja kamba yake. Utamu ulioje!

Alhamisi, 7 Aprili.

Uzio umekamilika. Na lango! Nililala ndani yake adhuhuri, kwenye majani makavu, nikasikia muziki ukitoka ukumbini kwangu.

Huku kambini hakuna samaki. Hata mmoja. Mpishi katoa maji ya moto yenye chumvi. Nimewaasa wenzangu wawe na subira. Hawakupokea vizuri.

Ijumaa, 8 Aprili.

Siku mbaya. Alikuja Wenokan, mwenyeji wa nchi hii, jirani yetu wa ng'ambo ya maji. Kumbe yeye na wenzake ndio waliotujengea mtego wa samaki kwa nguzo zile wakati wa baridi. Mimi sikuwahi kuuona, maana waungwana hatuendi kule. Akasimama langoni pangu, akashika nguzo, akacheka hadi akakaa chini. Kiingereza ameshaokota cha kutosha. Akaniuliza: "Jasper, ndugu yangu, huku juu unatega nini? Ndege?"

Kapteni hakucheka. Nimerudishwa majini na nguzo zangu mpaka midomo ikawa buluu. Wenokan alikuwa akinionyesha pa kuchomeka, akinung'unika kwa lugha yake. Nashukuru sikuielewa.

Lakini lililoniumiza ni Piers Lacy, mwenye homa, tunayelala naye kibanda kimoja. Aliomba supu ya samaki kidogo tu. Haikuwepo. Akageukia ukutani. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nimeapa mbele ya Mungu: sitagusa tena kitu cha kisiwa hiki bila kuuliza.

Jumapili, 10 Aprili.

Samaki wamerudi! Piers kanywa supu, kisha kaniita mpumbavu kwa sauti kubwa. Nimefurahi sana. Anapona.

Na nimepata mahali pazuri kuliko kilima. Jana wanawake wa kwao Wenokan walikuja karibu na ngome, wakafyeka, wakafanya vichuguu vidogo vya udongo, mamia, na katika kila kimoja wakafukia punje nne za mahindi. Wenokan alimweleza Kapteni kwa kirefu ni vya nini, jambo fulani kuhusu baridi ijayo, Kapteni karibu alie kwa kushukuru. Sikusikia vizuri. Palikuwa na wingu zuri mno.

Ardhi laini, wazi, haina kisiki. Kasoro ni hivyo vichuguu tu. Ikisawazishwa, ni uwanja wa kuvingirisha matufe! Kapteni anaupenda mchezo huo kufa. Atanipa uwanja wote kwa furaha.

Kiapo changu sijakisahau. Nimemuuliza Bagnall kama vichuguu vina mwenyewe. Akatazama, akasema yeye haoni jina la mtu. Basi nimeuliza.

Wote wako kwenye sala. Reki ninayo. Naanza sasa hivi, wakitoka wakute pako sawa.