Pingamizi Dhidi ya Televisheni Isiyo na Chogo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Familia ya Kuchagua Televisheni Mpya ya Mama.

Dada Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Nimeona niandike kwenye karatasi kwa sababu kule kwenye kundi letu la simu kila ninachosema kinajibiwa na shemeji kwa picha ya kidole gumba, na hadi leo sijajua kama kidole hicho kinanikubalia au kinaniziba mdomo.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati yako imeamua kwamba televisheni ya mama, ile ya zamani yenye chogo, imemaliza muda wake, na kwamba mwisho wa mwezi italetwa mpya, bapa, ya kutundikwa ukutani. Mimi nimekaribishwa kutoa maoni baada ya uamuzi kupita, heshima ambayo naipokea kwa mikono miwili. Ninapinga. Na kwa kuwa mimi ndiye mtoto pekee ninayeishi mtaa mmoja na mama, wakati nyinyi wengine mnamfikia kwa safari ya basi ya kutwa nzima, naomba unisome hadi mwisho. Sababu zangu nimezipa namba ili shemeji apate pa kuweka vidole vyake.

1. Muundo wa kamati. Wajumbe ni wewe, shemeji, na mdogo wetu wa mwisho. Miongoni mwenu hakuna aliyewahi kukaa sebuleni kwa mama muda wa kutosha chai kupoa. Mama, ambaye ndiye atakayeitazama hiyo televisheni, si mjumbe, kwa kuwa simu yake ni ya vitufe na haina kundi. Nilipomweleza kwamba watoto wake wameunda kamati, aliacha kukunja nguo akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni kamati ya televisheni. Akasema afadhali, akaendelea kukunja.

2. Inchi. Shemeji alipopita huku kikazi tulikwenda naye dukani, yeye akiwa na tepu ya mama ya kupimia nguo. Unajua mkaguzi wa hesabu kama yeye haamini namba asiyoigusa. Muuzaji, mtu mzima mpole mwenye kitambulisho kifuani, alituonyesha televisheni ya inchi hamsini na tano. Shemeji akaikunjua tepu, akaipima kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, akapata arobaini na nane. Akapima tena huku amevaa miwani. Arobaini na nane. Akamwambia muuzaji, kwa ile sauti yake ya ofisini, kwamba inchi saba hazionekani na angependa kujua zilipokwenda.

“Inapimwa kona kwa kona, mzee wangu,” muuzaji akasema.

“Kona kwa kona? Wewe nyumbani kwako unalala kona kwa kona?”

Muuzaji alifikiri, akajibu kwamba tangu aoe, ndiyo, kona ndiyo anayobakishiwa.

Wateja walicheka. Shemeji hakucheka. Alieleza mbele ya watu wote kwamba kama hesabu hiyo ni halali, basi kitanda cha sita kwa sita kiuzwe kwa jina la nane na nusu, na mlango, na meza, na shamba. Alimaliza kwa kudai inchi saba zilizobaki ziletwe kutoka stoo. Meneja aliitwa. Meneja naye akapima kona kwa kona, zikatimia hamsini na tano, na shemeji akasema huo sasa ni mtandao, wanalindana. Tulitoka bila televisheni. Tulitoka pia bila tepu, ambayo shemeji aliisahau juu ya friji ya maonyesho, na mama bado anaiulizia. Kwenye kundi safari hiyo iliripotiwa kwa maneno haya: “Utafiti wa soko umekwenda vizuri.”

3. Ujanja. Mdogo wetu anasisitiza kwamba iletwe televisheni janja. Alinipigia simu akanifafanulia: inasikia sauti ya mtu, inakumbuka alichotazama jana, inamchagulia cha kutazama leo. Nilimfikishia mama maelezo hayo kama nilivyoyapokea. Mama aliuliza, bila kuinua macho, “Huo ujanja inamfanyia nani?”

Niliurudisha ujumbe huo kwa mdogo wetu na bado nangojea majibu. Wakati tunangojea, nitaongeza tu kwamba mama ameshalea watoto watatu ambao wote wamejaribu kumchagulia mambo, kuanzia rangi ya mapazia hadi kanisa la kusali, na hakuna aliyefaulu. Sijui kwa nini tunadhani kifaa cha ukutani kitafaulu. Halafu inataka nywila. Mama hajawahi kutuambia ufunguo wa kabati la vyombo hukaa wapi, na sisi ni damu yake.

4. Juu ya chogo. Kamati inaizungumzia televisheni kana kwamba ni kioo tu. Naomba ikumbuke kwamba televisheni ya mama ina mgongo, na juu ya mgongo huo kumetandikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na juu ya kitambaa kunakaa miwani yake, dawa ya goti, ufunguo wa geti, picha ya baba, na chaja ya simu. Hiyo si televisheni. Hiyo ni ofisi ya nyumba. Nimeikagua ile bapa dukani, wakati shemeji akiwa kwenye mgogoro wake wa inchi, na juu yake pana unene wa kidole. Hata ufunguo haukai. Baba atakaa wapi?

Tena kuna suala la undugu. Ukoo wetu wote una chogo. Baba alikuwa nalo, mimi ninalo, na wewe, Dada, ndilo linaloshikilia vilemba vyako vizuri kiasi kile. Mtoto wako wa kwanza alipokuwa anaanza kuongea aliielekezea kidole televisheni ya mama akaiita babu. Leo mnataka kuleta ndani ya nyumba ile kitu kilichonyooka mgongoni kama mgeni aliyekuja kudai kodi.

5. Kofi. Hapa ndipo penye mzigo wenyewe.

Televisheni ya mama hufa karibu kila jioni, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari. Picha inakwenda, inabaki mvua nyeupe na mngurumo. Dawa yake inajulikana: kofi moja, kiganja wazi, ubavu wa kushoto, chini kidogo ya matundu ya kupumulia. Si makofi mawili. Kofi hilo ninalo mimi peke yangu. Mdogo wetu alilijaribu alipokuja likizo, akapiga ngumi kama anayedai haki yake, na jioni nzima tukasikiliza mvua. Wewe ulijaribu ukavunja ukucha. Jirani yetu, ambaye ni fundi wa redio, alipiga kwa adabu zote, akashindwa, akataka kuifungua. Mama akamwambia haifunguliwi, ina mtu wake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mama hunipigia simu. Hasalimii. Husema, “Imekufa tena. Pita,” kisha anakata. Napita. Mama anasimama nyuma ya televisheni na kushika kitambaa ili miwani na picha ya baba visianguke. Asiposimama pale, kofi halifanyi kazi. Nimelijaribu mara kadhaa akiwa jikoni na sikuambulia kitu. Sababu yake kitaalamu siijui. Akishashika, napiga, na picha inarudi.

Sasa, kwa kuwa nimekuja, kuna chai. Kwa kuwa kuna chai, lazima nikae. Na nikishakaa ndipo ninaposikia kwamba jirani wa nyuma amejenga ukuta hadi njiani, kwamba muuguzi alisema goti lisipande ngazi, na kwamba vile vidonge vya asubuhi ameviacha kwa sababu vinamtia kizunguzungu. Zile taarifa za afya ya mama ninazozituma kwenye kundi, ambazo shemeji huzipa kidole, zote zimepatikana kwa njia ya kofi. Nimejaribu njia nyingine. Nikimpigia simu kumuuliza hali, husema mzima na kukata. Nikipita bila sababu, huuliza kama nimegombana na mke wangu.

Mama haombi kitu, Dada, unamjua. Hajawahi kuniita kwa sababu ya goti. Upweke ni neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Huniita kwa sababu ya televisheni.

6. Waranti. Shemeji ametuma kwenye kundi picha ya hati ya waranti ya miaka mitatu na amepongezwa na kila mtu, pamoja na mtu mmoja ambaye baadaye tuligundua aliingizwa kwenye kundi kimakosa. Nimeisoma hati hiyo yote, hata yale maandishi ya chini yaliyoandikwa kwa ajili ya wadudu. Inachosema, kwa lugha ya kawaida, ni kwamba kwa miaka mitatu hakuna mtu atakayehitajika nyumbani kwa mama.

Kwa hoja hizo, ninaiomba kamati yako tukufu isitishe ununuzi mara moja. Ikishindikana, kwa kuwa najua shemeji ameshatangaza kazini kwake, basi ninaomba yafuatayo badala yake. Televisheni itakayoletwa iwe na waranti ya kuharibika: kampuni ituhakikishie kwa maandishi kwamba itakufa kabla ya taarifa ya habari, kwa namna inayoponyeka kwa mkono, na kwamba ikipitisha wiki nzima ikiwa nzima tutabadilishiwa, tupewe mbovu. Pawekwe ubavuni alama ya mahali pa kupiga. Ujanja wake wote upunguzwe hadi kufikia ujanja mmoja tu, wa kutonisikia mimi na kumsikia mama. Na kama kampuni haina toleo la aina hiyo, wajumbe wa kamati wahamie huku wenyewe, wapokezane kukaa sebuleni kwa mama, kila mmoja akiharibika kwa zamu.

Sitakuwa na kinyongo na uamuzi wowote utakaokubaliana nami.

Msalimie shemeji, na umwambie tepu ikipatikana aipime kona kwa kona kabla ya kuirudisha. Salamu kwa watoto, hasa yule wa babu. Salamu kwa mdogo wetu akitoa kichwa kwenye simu. Wasalimie pia majirani zako wote ninaowajua, na wale nisiowajua waambie ninao ndugu wa kujivunia, wamesoma, wana kamati.

Ni mimi mdogo wako wa katikati,
Mwenye Mkono.

Nyongeza baada ya sahihi:

Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeifungua.

Leo jioni nilipita kwa mama bila kuitwa, nikitaka kupima upana wa juu ya chogo ili niuambatanishe na hoja ya nne. Nilikuwa barazani navua viatu, giza limeanza kuingia, na kupitia dirishani nikaiona sebule yote. Televisheni ilikuwa inaonyesha picha safi kuliko ninayoijua mimi. Mama alikuwa anaitazama, mguu wa goti bovu ameuweka juu ya stuli. Muziki wa taarifa ya habari ulipokaribia, aliinuka polepole, akazunguka nyuma ya chogo, akauvuta waya wa antena kidogo tu, kwa vidole viwili, kama mtu anayechomoa sindano kwenye kitambaa asikichane. Mvua nyeupe ikaanza. Akarudi, akakaa, akachukua simu.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilirudi kimya kimya hadi getini ndipo nikaipokea.

“Imekufa tena. Pita.”

Nikamwambia niko njiani. Nilisimama pale getini, viatu mkononi, kwa muda unaomtosha mtu kutoka kwangu. Kisha nikavaa, nikaingia, nikavua. Mama akaenda nyuma, akashika kitambaa. Nikapiga kofi moja, ubavu wa kushoto. Picha ikarudi. Akasema huu mkono haujapoteza kitu, akaenda kuweka chai.

Kwa hiyo hoja zangu zote sita nazifuta. Mama asijue kwamba najua. Leteni hiyo bapa, kwa inchi zozote zitakazompendeza shemeji, janja au mshamba. Baba nitamtengenezea kibao pembeni, yeye na miwani. Ila fundi atakapokuja kuitundika, mwambie asiiweke juu. Waya wa nyuma uwe mahali ambapo mkono wa mama unafika akiwa amesimama chini. Kwa goti lile hatakiwi kupanda stuli.