Ombi la Kutofautishwa na Dada Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Maziwa,
ambaye pia ni mjomba wangu.

Shikamoo Mjomba.

Nakuandikia kwa sababu tukiwa ana kwa ana sauti hunikauka. Ijumaa ulinionya kwamba nisiporudia uchangamfu wangu wa zamani, utanirudisha nyumbani nikakae. Mjomba, uchangamfu huo haukuwa wangu. Ulikuwa wa dada, aliyefanya kazi hapo mapokezi kabla ya kuolewa. Mimi ni mdogo wake, yule aliyemaliza shule juzi juzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinzi, mhasibu na wewe mwenyewe mnaniita Kicheko, jina mlilompa dada. Nikimsahihisha mlinzi, husema, "Haya Kicheko, leo umeamkia wapi, mwenzangu?" Siku hizi naitika tu.

2. Mmeniweka mapokezi kwa kuwa yeye alikaa hapo. Yeye aliwachekesha wafugaji wakileta maziwa kupimwa. Mimi nawatazama viatu. Juzi mmoja aliniuliza kwa upole kama tuna msiba.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kila wageni wakija, unawaonyesha ule unga wenu wa plastiki. Unawaeleza kwamba plastiki hupikwa pamoja na dawa ya ng'ombe, kisha dawa huoshwa ikatoka, yakabaki matundu yenye umbo lake. Maziwa yakipitishwa hapo, dawa iliyojificha ndani yake hunasa kwenye matundu hayo, na nyingine inayofanana nayo kama pacha hupita zake. "Unga huu haudanganyiki!" unasema. Wageni wanapiga makofi. Kisha unanigeukia: "Na huyu ni Kicheko, tuko naye miaka mingi." Wanapiga tena.

4. Wewe mwenyewe hutufundisha kwamba unga usiooshwa vizuri huvujisha dawa ya zamani, na maziwa safi yakasingiziwa uchafu. Mjomba, kwa heshima zote, hukuoshwa vizuri. Dada anavuja. Ndiyo maana naonekana nimenuna, kumbe huu ndio uso wangu.

Kwa hiyo naomba nihamishiwe chumba cha kuoshea unga. Kule hakuna anayelazimika kucheka, na kazi yenyewe naipenda.

Naomba pia wakubwa wote wa maabara mpimwe kama mnavyopima unga. Mkae vitini, mimi na dada tupite mbele yenu mmoja mmoja. Atakayetuchanganya alowekwe kwenye siki na spiriti tunazooshea unga mpaka jioni, halafu apimwe upya. Akishindwa tena, atupwe kwenye pipa la unga mbovu. Mama naye aingie kwenye foleni. Bado ananitilia kwenye chai sukari ya dada, na kwa kuwa ni ndugu yako wa tumbo moja, nahofia mlipikwa sufuria moja.

Salamu kwa mkaza mjomba, kwa watoto, kwa mhasibu na kwa mlinzi, ambao najua watamshukuru dada.

Mpwa wako mtiifu,
yule mwingine.

Nyongeza: Barua hii anakuletea dada, aliyekuja kututembelea, maana mimi nimeona haya. Nimempa kitambulisho changu ili mlinzi asimsumbue getini. Ukipandwa na hasira mfokee yeye, atacheka tu. Na mapokezi leo atakaa yeye, mimi nimelala. Kwa hiyo, Mjomba, hayo yote niliyoyaomba naomba yaanze kesho.