Roketi ya Siku ya Vipimo

Alhamisi, 15 Mei 2025
Wewe uliyeokota shajara hii, nakuomba kwa jina la Mungu: usimsomee mtu hata neno. Hasa Meneja Maximilian. Hasa zaidi Ritha.

Mimi na Ritha ni makarani wa majaribio katika ghala la mpunga hapa Ifakara. Atathibitishwa kazini mmoja tu. Yeye ana utani na wakulima. Mimi nina diploma.

Leo nimepata mpango! Jumanne, Siku ya Vipimo, tunazindua mizani ya kidijitali. Tunaachana na debe, na lumbesa, yale magunia yanayojazwa hadi yanashonewa kilemba. Nimeomba nihutubie: jinsi chombo cha anga cha Wamarekani kilivyopotea Mirihi mwaka 1999, kundi moja likipiga hesabu kwa pauni, jingine likizisoma kama nyutoni. Kisha nirushe roketi ya chupa ya soda, inayorushwa kwa maji na upepo. Meneja amekubali. Ritha ananiita Profesa. Wivu!

Jumatatu, 19 Mei
Nimejaribu hotuba mbele ya wakulima. Balaa. Mama Yosefina wa Katindiuka akauliza kama huko Mirihi nako wananunua kwa lumbesa. Nikasema hapana, mama. Akasema basi nimtafutie shamba huko. Walicheka hadi wakaegemea magunia.

Maelekezo ya roketi nimeyapata mtandaoni. Upepo: sitini. Mbele ya sitini kuna viherufi vidogo, psi. Sikuhangaika navyo.

Jumanne, 20 Mei
Hotuba ilikwenda vizuri! Nilisema namba isiyo na kipimo chake ni upofu. Mgeni rasmi akapiga makofi. Meneja akatabasamu, mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Kisha Vitus, fundi pancha, akawasha kompresa. Mshale wa geji yake, iliyoandikwa "bar", ukafika nne. Nikasema ongeza. Nane. Vitus akasema, bosi, chupa inavimba. Nikamwambia bado hamsini na mbili! Akasema geji yenyewe inaishia kumi na mbili. Nikasema basi ni mbovu. Akaniachia mpira wa upepo, akakimbilia nyuma ya trekta. Nikashika mwenyewe.

Mlipuko! Mgeni rasmi akalowa hadi soksi. Kipande cha chupa kikapasua kioo cha mizani. Ikaonyesha namba za ajabu, ikazima.

Jumatano, 21 Mei
Tumerudi kwenye debe. Mnunuzi wa kwanza alilijaza la Mama Yosefina hadi likawa na kichuguu juu, kwa bei ileile ya debe moja. Mpunga wake wa msimu mzima. Hakunitania. Alisema tu, "Asante, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Ritha amethibitishwa. Mimi nahamishiwa Uchindile, kutunza magunia matupu, hadi majaribio yaishe. Ritha kanifungia maandazi ya safari. Dharau! Na yote ni kosa la Vitus na geji yake.

Jumapili, 1 Juni, Uchindile
Nimetafakari kwa kina. Nimeligundua kosa: chupa ilikuwa ya plastiki! Hapa nimepata bomba la chuma. Meneja anakuja kukagua mwezi huu. Atanithibitisha palepale.

Nahitaji mtu wa kushika mpira. Ukiwa tayari, shuka stesheni ya Uchindile, fuata njia ya mikaratusi hadi saba, kisha kata kushoto. Saba za nini, aliyenielekeza hakusema, nami sikuuliza. Wewe hesabu tu mpaka saba.